Chembe Nyeupe Tumboni

Daktari alibandika picha mbili za eksirei kwenye kisanduku cha taa, moja kando ya nyingine, kisha akajisogeza pembeni kumpa Inspekta nafasi.

"Ya kushoto ni ya siku alipoletwa," alisema. "Ya kulia ni ya leo asubuhi."

Inspekta alisogeza uso karibu. Hakuwa mtaalamu wa mambo ya ndani ya mwili, lakini macho alikuwa nayo, na kazi yake ilikuwa macho. Katika picha ya kushoto, chini ya mbavu nyembamba za mtoto, chembe nyeupe zilikuwa zimetapakaa kama mchele uliomwagika gizani. Katika ile ya kulia zilikuwapo pia. Chache, lakini zilikuwapo.

"Ni masalia," alisema.

"Hata mimi ningependa yawe masalia." Daktari alichomoa picha ya tatu kutoka kwenye bahasha na kuipachika katikati. "Hii tulipiga baada ya kumwosha utumbo. Nitafutie chembe hata moja."

Inspekta alitafuta, asione. Tumbo lilikuwa jeusi tupu.

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia risasi hujificha kwenye mifupa, halafu ikarudi."

"Hurudi kwenye damu. Haitoki kwenye mfupa ikaingia tumboni ikawa chenga. Hizi zimepitia mdomoni, Inspekta. Na zimepitia mdomoni akiwa kwenye kitanda changu."

Mtu aliyeshukiwa kumlisha mtoto huyu sumu alikuwa mahabusu tangu Ijumaa, na yeye Inspekta ndiye aliyemfungia mlango kwa mkono wake. Kituoni wenzake walimpa Inspekta jina la Mama Kwanini, maana hata chai akiletewa huuliza kwa nini imepoa. Sasa alijiuliza kwa nini alikuwa ameridhika mapema hivyo.

Kesi yenyewe ilikuwa imemjia ikiwa imeshapikwa. Mtoto wa kike wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi, alianza kulalamika tumbo. Akapauka. Akawa mzito wa kujibu, yeye aliyekuwa akijibu hata asiyeulizwa. Siku moja akaanguka kwa degedege, akakimbizwa hospitali, na damu yake ikapimwa. Daktari alipomwambia baba yake kwamba mtoto ana risasi mwilini, yule baba alimgeuza binti yake ubavu akampapasa mgongo mzima akitafuta tundu la bunduki. Ilibidi aelezwe taratibu kwamba ni madini ya risasi, yale mazito yanayotiwa kwenye betri za magari, na kwamba yakiingia mwilini hunyonya nguvu ya damu na kuvuruga ubongo.

Baba mtu alikuwa fundi betri. Kwa hiyo Inspekta alianzia kwake. Alikwenda hadi karakana yake, akaona meza iliyojaa vumbi la kijivu, akaona ovaroli aliyokuwa akirudi nayo nyumbani na kuitundika nyuma ya mlango. Vumbi lilipimwa, naye fundi akapimwa. Alikuwa nayo risasi, lakini kiasi cha mtu anayeishika kazini. Daktari alimkataza kurudi nyumbani na ovaroli ile na kumtaka aoge kabla ya kumshika mtoto. Hata hivyo vumbi la kwenye nguo lisingeweza kumwangusha mtoto vile.

Ndipo Bibi, mama mzazi wa fundi, alipomshika Inspekta kiwiko kwenye veranda ya hospitali. Mama wa Chiriku alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, Bibi alisema, na huyu aliyeletwa baadaye, mshonaji nguo, hajapata wake. Mwanamke asiye na mtoto, akilea wa mwenzake, atampenda kwa lipi? Anapika yeye, anapakua yeye. Majirani walipoulizwa walisema hivyo hivyo, kwa maneno yale yale. Inspekta alipaswa kushtuka hapo. Watu watano wanaposimulia kwa maneno ya aina moja, mara nyingi ni kwa sababu wamesimuliwa na mtu mmoja.

"Nani anaingia wodini?" alimuuliza daktari.

"Baba yake na bibi yake. Chakula kinatoka jikoni kwetu. Uji anaoleta bibi, muuguzi huuonja na tumeshaupima. Ni uji tu."

"Na mtoto?"

Daktari alizima taa ya kisanduku. "Namchoma sindano za kuikamata risasi ili aikojoe. Zinauma, na figo zinataka kuangaliwa kila siku. Kama kuna mkono unaomrudishia, natwanga maji kwenye kinu. Kuna uharibifu wa kichwa ambao hautengenezeki, Inspekta. Sitaki kumfikisha huko."

*

Mshonaji alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, mikono juu ya magoti, vidole vikicheza kana kwamba vinatafuta sindano. Alisimama Inspekta alipoingia.

"Shikamoo, afande. Umekuja kuniuliza tena nilitia nini kwenye mchuzi."

"Marahaba. Leo nauliza jingine. Nani zaidi yako humpa Chiriku kitu cha kumeza?"

Mwanamke aliinamia vidole vyake.

"Kwa nini hujibu?"

"Kwa sababu mimi nimeolewa pale. Nikimtaja mtu utasema namsingizia nijiokoe."

"Mtu mwenyewe ndiye aliyekuleta hapa."

"Najua. Ndiyo maana utasema nalipiza."

Inspekta aliketi kwenye benchi, akamwonyesha naye aketi. Wakakaa bega kwa bega kama wanawake wanaosubiri zamu kisimani.

"Chembe zimerudi tumboni mwake," alisema Inspekta. "Na wewe uko huku."

Mshonaji aligeuka akamtazama. Hakuonyesha kufurahi kwamba jambo hilo linamsafisha. Midomo ilimcheza, akaibana.

"Tumbo la Chiriku si langu," alisema hatimaye. "Kichwa nimeruhusiwa, namsuka. Miguu nimeruhusiwa, namvisha viatu. Tumbo ni la bibi yake. Likimuuma anaitwa chumbani kwa bibi, mlango unafungwa. Akitoka ulimi una rangi ya chungwa. Nilidhani ni peremende."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza mara moja. Nikaambiwa mambo ya wenye watoto niwaachie wenye watoto."

*

Saa ya kuwaona wagonjwa, Inspekta alikuwa amejifunga kilemba na kuketi kando ya kitanda cha mtoto mwingine, akimpepea kwa gazeti. Mama wa mtoto huyo alikuwa ameombwa kushirikiana, naye alikubali kwa moyo mmoja, akawa anamwita Inspekta "wifi" kwa sauti kuliko ilivyohitajika.

Fundi aliingia kwanza. Alikuwa ameoga hadi ngozi inang'aa. Aliketi, akatoa chungwa mfukoni, akalimenya kwa kidole, akampa Chiriku kipande kimoja kimoja. Inspekta alihesabu kila kipande kikiingia mdomoni. Baba anayemwogesha mwanawe kwa macho namna ile, je, anaweza? Aliwahi kuona wanaoweza. Fundi alipokwenda kunawa, Inspekta alinyoosha mkono, akachukua maganda na kipande kilichobaki, akavitia kwenye mfuko. Muuguzi akavipeleka maabara.

Kisha akaingia Bibi na chupa yake ya uji. Muuguzi aliuonja, akampisha. Bibi alimnywesha mjukuu wake kijiko baada ya kijiko, na Inspekta akaona kitu alichokuwa hajakiona kule veranda: Bibi alishika kijiko kwa mikono miwili. Kiganja cha kulia kilikuwa kimelegea kwenye kifundo, kinaning'inia kama jani lililokauka.

Uji ulipokwisha Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake. Kidole kikaingia, kikatoka na unga mwekundu wa rangi ya tofali changa.

"Fungua, mama," alimnong'oneza mtoto. "Ulimi juu."

Inspekta alimdaka mkono kabla haujafika. Hakutumia nguvu. Mkono wenyewe haukuwa na nguvu ya kushindana nao.

Bibi aligeuka, mdomo wazi kwa mshangao, na hapo, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni, Inspekta aliona mstari wa kijivu ukipita kwenye ufizi, pale meno ya chini yanapoota. Siku ya kwanza kabisa daktari alikuwa amemfunulia mdomo wa Chiriku na kumwonyesha mstari kama huo. Alisema risasi hupenda kutia saini pale.

*

Walimweka kwenye chumba cha kufungia vidonda, Inspekta na daktari wakaketi mbele yake. Fundi aliambiwa asubiri nje, naye akasubiri akiwa ameegemea ukuta, mkono usoni.

"Sijaua mtu, mwanangu," Bibi alisema kabla hajaulizwa.

"Sijasema umeua," alisema Inspekta akiuonyesha ule unga. "Hii ni nini?"

"Dawa ya tumbo."

"Wewe nawe unaitumia?"

"Kwa magoti. Asubuhi na jioni."

"Na choo unapata?"

Bibi aligeuza uso. "Maswali gani haya mbele ya mwanamume."

"Daktari hana jinsia hapa, mama. Unapata?"

"Cha mbuzi," Bibi alisema kwa shida. "Vigololi. Na mtoto vile vile. Ndiyo maana nikamzidishia."

Daktari alifumba macho kidogo. Akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mzazi, kwamba risasi ndiyo hulifunga tumbo na kulisokota. Kwamba mtoto alipofunga choo Bibi alimpa unga, unga ukamfunga zaidi, naye akaongeza unga.

Bibi alitikisa kichwa. "Hiyo ni dawa ya miti. Wewe, daktari, unachukia miti kwa sababu haikusoma."

Inspekta hakubishana. Alimwomba daktari karatasi tatu. Kwenye moja waliweka unga wa mahindi, kwenye nyingine majani ya chai, kwenye ya tatu ule mwekundu. Wakavikunja na kuvipiga picha pamoja, Bibi mwenyewe akiwa ameshuhudia vikipangwa. Picha ilipotoka, unga wa mahindi ulikuwa kivuli hafifu, na majani ya chai ilibidi uyatafute. Karatasi ya tatu ilikuwa nyeupe, nyeupe pe, kama msumari.

"Mti gani huo," Inspekta aliuliza, "unaong'aa kama chuma?"

Bibi aliitazama picha kwa muda mrefu. "Picha nazo hudanganya," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nani anakuuzia?"

"Dawa ikitajwa mwenyewe hupoteza nguvu. Aliniapisha."

"Wengine wananunua?"

"Wanapanga foleni."

"Wenye watoto?"

Bibi alitazama mlango ambao mwanawe alikuwa nyuma yake. Inspekta alimsoma asijue asome nini. Aliona hofu, lakini hofu ya nini? Ya yaliyompata mtoto, au ya kujulikana? Mtu aliyekwisha kumtupa mkamwana wake mahabusu ana mengi ya kupoteza maneno yake yakigeuka.

"Nitakupeleka," Bibi alisema. "Lakini nataka nisikie kwa masikio yangu kutoka kinywani mwake. Siyo kwa hayo mapicha yenu."

"Utapimwa damu kwanza," alisema daktari.

Alipimwa. Kisha wakaondoka, na Inspekta njiani alikaa akimwangalia mikono, asije akamtumia mtu ishara.

*

Muuza dawa aliitwa Shwari, kwa sababu kila aliyemwendea aliambiwa mambo yatakuwa shwari. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa safu ya maduka, baada ya duka la misumari na vifaa vya ujenzi. Kibao cha buluu kilining'inia juu ya mlango, kimeandikwa kwa herufi nyeupe. Inspekta alimwacha askari wake kwenye gari, akaingia na Bibi.

Ndani kulikuwa na mama kijana, mtoto mgongoni, ananyonya ngumi na kulia kwa uchovu. Shwari alikuwa akimkunjia pakiti.

"Mama yangu," alimwambia Bibi kwa uchangamfu. "Magoti yanasemaje?"

"Yapo. Nina swali moja, Shwari. Mle ndani unatia nini?"

"Magome tu, mama. Natwanga mwenyewe."

"Magome peke yake?"

"Na dua." Akacheka. Mama kijana akacheka naye.

Inspekta alikuwa ameinama kana kwamba anafunga kiatu. Chini ya meza, kando ya kinu, palikuwa na kopo ambalo kifuniko hakikukaa vizuri. Aliligeuza kwa ncha ya kidole. Lilikuwa na unga mwekundu wa risasi ambao mafundi wa mageti huchanganya na mafuta na kupaka vyuma visiliwe na kutu.

"Na hili la nini?" aliuliza.

"Hilo? Nilipaka kibao changu."

"Kibao chako nimekisoma nikiingia. Ni cha buluu."

Shwari aliacha kukunja. "Dada, wewe nani?"

"Kwenye kinu chako mna wekundu pia. Ulikuwa unapaka kibao kwa mchi?"

Shwari alimtazama viatu, akamtazama mkao, akaelewa. Hakukimbia. Alifanya jambo la akili zaidi: alimgeukia mama kijana, akaongea kwa upole wa mtu anayeonewa.

"Usibabaike, dada yangu. Hawa wanatafuta pa kuangushia jumba bovu. Kuna mtoto mgonjwa, ni kweli, mjukuu wa mama huyu. Lakini aliyemtilia sumu ni mama yake wa kambo, na yuko ndani sasa hivi. Mama mwenyewe ametuambia, hapa hapa, amesimama pale aliposimama. Au sivyo, mama? Waambie."

Mama kijana alimtazama Bibi. Inspekta naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na swali. Mzee wa watu alikuwa amejenga ukuta kwa mdomo wake, na huyu jamaa alikuwa amejificha nyuma ya ukuta huo.

"Nilisikia pia," alisema mama kijana, kama anayeomba radhi. "Pole, bibi." Akanyoosha mkono kupokea pakiti.

Inspekta alipiga hatua, lakini Bibi alimtangulia. Kiganja chake hakikuweza kuinuka, hivyo aliulaza mkono mzima, kutoka kiwiko, juu ya pakiti pale mezani, akaukandamiza kwa uzito wa mwili wake.

"Usimpe," alisema. "Mimi nilimpa wangu."

"Mama," Shwari alianza.

"Nyamaza wewe. Mkamwana wangu hakutia kitu. Nilisema nisilolijua, nikaenda nikilisema nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa anamlisha mtoto ni mimi, kwa kidole hiki, na hii ya kwako." Alipumua kwa nguvu. "Umetia rangi ya mageti, Shwari?"

Mtoto mgongoni aliendelea kulia.

"Ni rangi tu," alisema Shwari. Uchangamfu ulikuwa umemtoka wote. "Ikiwa na rangi ya magome hawainunui. Wanasema imechuja. Kidogo tu, ya kuivisha."

"Kwako nyumbani mnaitumia?" Inspekta aliuliza.

Shwari alitazama kinu chake.

"Nimekuuliza, wanao wakiumwa tumbo unawapa hii?"

"Wanangu huwapeleka hospitali," alisema.

Inspekta aliita askari wake. Walifunga pingu, wakabeba kopo, kinu na mchi, wakamtoa kupitia mbele ya duka la misumari huku watu wakianza kujikusanya. Mama kijana hakuwa ameondoka. Alisimama amemshika mtoto miguu kwa nyuma, mikono yote miwili.

"Mimi nimekuwa nikimpa," alisema. "Hii ilikuwa ya kuongezea."

"Ingia kwenye gari," Inspekta alimwambia. "Tunakwenda hospitali sasa hivi. Na utanitajia kila unayemjua anayenunua hapa."

Kwenye kiti cha nyuma Bibi alijisogeza, akampisha yeye na mtoto. Inspekta, mbele, alipiga simu kituoni, akaagiza mshonaji afunguliwe na apelekwe hospitali kwa gari. Alikuwa karibu kukata aliposikia sauti ya Bibi nyuma yake.

"Nipe niseme naye."

Kiganja cha Bibi hakikuweza kuishika, hivyo Inspekta aligeuka kwenye kiti na kumwekea simu sikioni. Ilichukua muda kabla mshonaji hajaletwa. Bibi alikuwa ametengeneza maneno, midomo ilikuwa ikiyapanga. Lakini mwenzake ndiye aliyeanza, na Inspekta, kwa kuwa alikuwa karibu, alimsikia.

"Shikamoo, mama. Chiriku anaendeleaje?"

Bibi alilikandamiza sikio kwenye simu.

"Bado," alisema. "Bado hajapata nafuu. Njoo umshike."